Kibarua cha Jukwaani

Nimeigiza kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa sanaa. Si mimi tu. Ukiwakusanya wote niliowahi kusimama nao jukwaani au mbele ya kamera hapa Nairobi, ukawaambia mwenye kadi ya chama ainue mkono, utaona mikono ya walimu, maana wengi wetu mchana ni walimu, na pengine nesi mmoja. Wanainua mkono kwa ajili ya kazi yao ile nyingine. Kwa uigizaji, mikono inabaki chini.

Mtu akiuliza sababu, jibu la haraka huwa kwamba sanaa ni kipaji, na mwenye kipaji hagomi. Nimeambiwa hivyo na watayarishaji, na nimeambiwa hivyo na waigizaji wenzangu, tena wale wanaolala njaa kama mimi. Siliamini tena jibu hilo. Hali yetu ina historia, na historia hiyo ina miaka na majina ya watu. Nataka kuipitia hapa kwa sababu naona wale wanaokuja nyuma yetu, wale wasee wanaorekodi skiti kwa simu huko Kayole na Rongai, wanairithi hali hii wakidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wale hawaijui. Malipo yangu ya kwanza yalitoka kwa setibuku. Kama ulisoma sekondari Kenya unazifahamu hizo shoo. Waigizaji wanapanda matatu alfajiri, wanafika shule fulani saa nne, wanaigiza Mstahiki Meya kwenye bwalo mbele ya wanafunzi mia tano, wanakula chakula cha walimu, kisha mbio hadi shule ya pili. Tulilipwa kwa shoo. Wiki tatu za mazoezi hazikuwa na malipo, na nauli ya kuja mazoezini ilikuwa juu yako. Maleba pia ni yako. Mimi niliigiza diwani nikiwa nimevaa koti la harusi la mjomba wangu. Shule ikichelewesha pesa, mwenye kundi anachelewesha zako. Kundi likivunjika, deni limekufa na hakuna pa kulalamikia. Usiku mmoja tuliachwa Kitale kwa sababu dereva hakuwa amelipwa, naye akaamua kurudi na gari lake. Tulichanga doo iliyokuwa mifukoni tukapanda basi la usiku, na asubuhi tulikuwa Thika tukiigiza tena.

New York, 1919

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za waigizaji wa New York wa mwanzoni mwa karne iliyopita, nilihisi kama nasoma kuhusu kundi letu. Walifanya mazoezi kwa wiki nyingi bila kulipwa. Walijinunulia maleba. Mchezo ukikosa watazamaji katika mji wa mbali, mwenye kampuni aliweza kuufunga hapo hapo, na waigizaji wakajitafutia njia ya kurudi nyumbani. Mkataba, kama ulikuwepo, uliandikwa na upande mmoja.

Tarehe 26 Mei 1913, waigizaji 112 walikutana katika hoteli moja mjini humo wakaunda Actors' Equity Association. Kwa miaka sita waliomba mkataba mmoja wa kutumiwa na wote. Wenye kumbi waliwapiga chenga. Ugumu mwingine ulitoka ndani: wengi wao hawakutaka kuitwa wafanyakazi. Walijiona wasanii, na kujiunga na shirikisho moja na mafundi bomba na waashi kulionekana kushuka hadhi. Mjadala huo uliwachukua miaka. Mwishowe, mwaka 1919, wakajiunga na shirikisho hilo, na tarehe 7 Agosti wakagoma.

Mgomo ulidumu siku 30. Ulifunga michezo 37 na kuzuia mingine 16 isifunguliwe. Uliposhika kasi ni pale mafundi wa jukwaani na wapiga muziki walipokataa kuingia kazini. Mastaa kadhaa, wakiongozwa na George M. Cohan, waliunda chama pinzani kilichowaunga mkono wenye kumbi. Wao walikuwa na uwezo wa kujadiliana kila mtu kivyake, kwa hivyo hawakuona shida iko wapi. Tarehe 6 Septemba wenye kumbi wakatia sahihi.

Swali la kama msanii ni mfanyakazi lilijibiwa pale kwa namna fulani. Kwetu halijawahi hata kuulizwa vizuri, na nadhani ni kwa sababu ya jinsi ukumbi ulivyoletwa hapa.

Kombe na cheti

Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Kwa miaka yake ya kwanza ilikuwa mali ya burudani ya Wazungu. Wengi waliopanda jukwaa lile walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, maafisa na wake zao, walioigiza jioni kwa raha zao. Nao waliokuwa wanalipwa mshahara wa uigizaji, kama wale wa kampuni ya Donovan Maule iliyoanzishwa na mume na mke waliofika Nairobi mwaka 1947, wengi waliletwa kutoka Uingereza. Kwa kifupi, palikuwa na Mzungu anayeigiza kwa mapenzi na Mzungu anayeigiza kwa mshahara. Mwafrika aliyelipwa kama mwigizaji kamili hakuwa na nafasi katika mpango huo.

Sisi tuliingilia mlango mwingine, ule wa shule. Tamasha za drama za shule na vyuo zilianza mwaka 1959, na hadi leo ndizo zinazotoa waigizaji wengi nchini. Mimi mwenyewe ni zao lake. Nilishuka kutoka tamasha za mkoa nikiwa na cheti na nikiwa nimeshika kombe la shule. Ni malezi mazuri, siyakatai. Lakini mtoto aliyefunzwa kuwa malipo ya uigizaji ni cheti na makofi hujikuta ana miaka thelathini na bado anaona aibu kuuliza, "Na mazoezi mnalipa ngapi?" Tumezoeshwa hivyo mapema, kabla hata hatujajua kuwa kuna kitu cha kuuliza.

Kamĩrĩĩthũ

Palikuwa na mahali pamoja ambapo mambo yangeweza kwenda tofauti. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ukielekezwa na Kĩmani Gecaũ. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, na watu waliofanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata. Hawakulipwa. Lakini hawakuwa waigizaji wa raha za jioni pia. Walizungumzia mishahara na ardhi jukwaani, na script waliirekebisha wao, maana maisha yaliyomo walikuwa wanayajua kuliko waandishi.

Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 kundi lilijaribu tena na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, likanyimwa ukumbi wa taifa, na mwezi Machi polisi wakaja Kamĩrĩĩthũ wakaubomoa ule ukumbi. Waandishi na mwelekezi wote wakaishia uhamishoni.

Habari hii tunaijua kama habari ya uandishi na lugha. Mimi huisoma pia kama habari ya kazi. Hapo ndipo wafanyakazi wenye vyama na waigizaji walikuwa watu wale wale. Kama kuna mahali chama cha waigizaji wa Kenya kingezaliwa, naamini ni kwenye kijiji kama kile, na watu ambao wangekianzisha wangekuwa wa aina ile. Serikali ililiona hilo ikaogopa. Waliobaki wakajifunza somo: igiza, chekesha, chukua pesa yako, nenda nyumbani. Miaka ya themanini, mtu aliyeitisha mkutano wa waigizaji ili kuongea mambo ya mkataba alijua anaweza kuulizwa maswali ambayo hayahusu mkataba.

Pesa za marudio

Waliochukua ushauri huo wakaingia redioni na kwenye televisheni, na wakawa mastaa wa nchi nzima. Vioja Mahakamani, Vitimbi. Mzazi wako anawajua wote. Mzee Ojwang, jina lake halisi Benson Wanjau, aliigiza kwa miongo hadi sauti yake ikawa sehemu ya nyumba. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Siku hiyo na zilizofuata, klipu zake zilizunguka kwenye kila simu, na bado zinazunguka.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo tofauti kubwa kati ya mwigizaji wa hapa na wa kule. Mchezo wa jukwaani ukiisha, umeisha. Kipindi kikirekodiwa, kinaweza kuonyeshwa mara mia. Mwigizaji alifanya kazi mara moja. Mwenye kanda anauza mara mia. Je, marudio yale yanalipwa?

Hollywood walipigania swali hilo mwaka 1960. Televisheni ilikuwa imeanza kuonyesha filamu za sinema, na studio zilikuwa zinavuna pesa ambazo mwigizaji hakuona hata senti. Chama chao, Screen Actors Guild, kikagoma kuanzia Machi hadi Aprili. Rais wake alikuwa mwigizaji mmoja aitwaye Ronald Reagan. Ndiyo, yule yule. Walichopata kilikuwa na uchungu ndani yake. Filamu zilizotengenezwa kuanzia 1960 zingelipia marudio kwenye televisheni. Zile za kati ya 1948 na 1959 zilisamehewa, na badala yake studio zikatoa dola milioni 2.25 za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Za kabla ya 1948 hazikupata kitu, na kuna wazee wa sinema waliokasirika na mpango huo hadi kufa kwao. Hata hivyo, tangu hapo mwigizaji wa Marekani aliyelazwa hospitali anaweza kuwa analipiwa na mfuko uliotokana na mgomo wa wenzake.

Makubaliano kama yale hayakuwahi kutiwa sahihi hapa kati ya waigizaji na vituo. Kwa hivyo mwigizaji wetu akiugua tunafungua namba ya M-Pesa na kuchapisha picha yake akiwa kitandani. Sisemi watu wasichange. Nimechanga, na siku moja huenda nitachangiwa. Nasema tu kwamba mchango ule tunaoutoa kwa huruma ni pesa ambayo pengine mtu alishaifanyia kazi.

Baadaye ilikuja PRISK, iliyokusanya mirabaha ya wasanii wanaoimba na kuigiza, na ipo Kenya Actors Guild, ambayo imejaribu kutuleta pamoja. Ni hatua. Lakini katika kazi zote nilizofanya, sijawahi kuona mkataba unaotaja makubaliano ya pamoja, yale ambayo walimu huita CBA. Kila mara ni mimi na karatasi, na kijana wa ofisi anayesubiri peni yake.

Watu wawili ndani ya picha moja

Filamu za kigeni ndizo hufanya jambo hili lionekane kwa macho. Kenya imekuwa seti ya Hollywood kwa muda mrefu. Mogambo, ya Clark Gable na Ava Gardner, ilipigwa picha hapa kwa sehemu na kutoka mwaka 1953. Out of Africa ilitoka mwaka 1985 na kuchukua Oscar saba. Nyuma ya mastaa wa picha hizo kuna umati wa Wakenya wanaotembea, wanaobeba, wanaocheza ngoma, na wengi wao hawana hata jina kwenye orodha ya mwisho.

Tangu 2002 chama cha waigizaji wa Marekani kina sheria kwamba mwanachama wake, popote anapofanya kazi duniani, afanye chini ya mkataba wa chama. Akija Naivasha, mkataba umekuja naye kwenye ndege. Mapumziko yake kati ya siku moja ya kazi na nyingine yana idadi ya masaa. Pensheni yake inachangiwa. Marudio yake yanahesabiwa. Ila mkataba ule unamfuata yeye. Mkenya aliyesimama kando yake ndani ya picha ile ile haumjui.

Nimekuwa huyo wa kando. Nilicheza mlinzi wa lango, nikiwa na sentensi mbili. Saa moja jioni staa akaondoka, kwa sababu masaa yake ya kupumzika yalikuwa yanaanza kuhesabiwa. Alikuwa mtu mzuri. Alitusalimia kila asubuhi kwa majina. Sisi wa umati tukabaki hadi saa sita usiku, tukakimbia kwenye matope mara kumi na tatu, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri gari lilikuwa linatusubiri. Hakuna aliyetudhulumu kinyume cha sheria. Tulikuwa tumetia sahihi.

Sheria inamtafuta mwajiri

Kwani katiba inasemaje? Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Tatizo linaanza ukishuka chini kwenye sheria. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama ikiwa kinawakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kujiunga na chama. Fikiria kiwanda chenye watu 200: ukiwa na 101, mwajiri lazima aketi nanyi mezani.

Sasa jaribu na mimi. Januari nilifanya tangazo la siku moja. Machi, kipindi cha siku sita. Mei hadi Julai, setibuku. Septemba, mchezo wa NGO kuhusu maji safi huko Kibra. Mwajiri wangu ni nani? Hiyo nusu ya wafanyakazi utaihesabu wapi, na lini, wakati kampuni yenyewe ilisajiliwa kwa ajili ya kazi moja na kufungwa baada yake? Tena karatasi zenyewe zinaniita mkandarasi huru. Mkandarasi huru, bana, asiye na hata nauli ya kurudi Umoja.

Kwa hivyo watu husema: waigizaji hawawezi kuungana kwa sababu hawana mwajiri mmoja, wanafanya kazi ya leo-leo. Hoja hii inaonekana nzito hadi ukumbuke Mombasa.

Kiwanja cha Maskini

Neno kibarua lilitokana na barua. Mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi, na jioni akakirudisha ndipo alipwe. Hatimaye kikaratasi kikawa jina la mtu mwenyewe, kisha la kazi yake. Hata leo mtu akifutwa tunasema kibarua chake kimeota nyasi.

Makuli wa bandari ya Mombasa walikuwa vibarua wa namna hiyo hasa. Waliandikwa asubuhi, wakalipwa jioni. Meli ikikosekana, hakuna kazi. Waliwahudumia wenye meli na wapakiaji tofauti tofauti. Yaani walikuwa na kila sababu ambayo sisi huitoa ya kutoungana. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma, wao pamoja na watu wa reli, wa hoteli na watumishi wa majumbani, takriban watu 15,000. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, wakauita Kiwanja cha Maskini. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Kutoka hapo ikazaliwa African Workers' Federation, ikiongozwa na Chege Kibachia. Agosti mwaka huo serikali ikamkamata na kumpeleka Kabarnet, na shirikisho lake likafa taratibu. Lakini mishahara ilikuwa imepanda, na wakoloni walikuwa wameogopa vibarua wasioandikwa popote kiasi cha kuanza kuwasajili. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 makuli walikuwa na chama chao, na walipogoma Machi 1955, Tom Mboya akateremka kutoka Nairobi kwenda kuwajadilia. Mpaka leo chama cha wafanyakazi wa bandari kiko Mombasa, na kina sauti.

Walikuwa na kitu kimoja tusicho nacho, nacho ni kwamba hakuna aliyewadanganya kuwa kubeba gunia ni kipaji. Walijua wanauza mgongo wao kwa siku. Sisi tunauza mgongo, uso, sauti na usingizi, kisha tunaambiwa tushukuru kwa kupata nafasi ya kuonekana.

Gharama

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kuungana ni rahisi. Agosti 2014, waigizaji wakuu 16 wa Generations, tamthilia kubwa ya televisheni huko Afrika Kusini, waligoma wakitaka mishahara bora na sehemu yao ya pesa za marudio. Walifutwa wote kumi na sita. Kipindi kikatoka hewani, kikarudi Desemba na jina lililoongezwa kidogo na sura mpya. Walikuwa mastaa, nyuso zao zilijulikana hadi huku kwetu, na bado waliweza kubadilishwa. Waigizaji 16 wa kipindi kimoja ni wachache mno, hasa ikiwa nje kuna mamia wanaosubiri nafasi hizo. New York walishinda pale ambapo hata mafundi wa taa walikunja mikono.

Na vyama navyo vina ubaya wake. Uingereza kwa miaka mingi ulihitaji kadi ya Equity ili upate kazi, na ulihitaji kazi ili upate kadi; kijana asiye na mtu ndani alizunguka nje ya ukuta huo hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa karne. Nairobi, kwa upande wake, mtu anaweza kushuka kutoka Kakamega Jumatatu, akafanya usaili Jumatano, na Jumamosi akawa jukwaani. Mimi niliingia hivyo. Chama kitakachofunga mlango huo sitakiunga mkono. Ninachotaka ni sakafu, kiwango ambacho hakuna anayeruhusiwa kulipwa chini yake, awe na kadi au hana.

Kwa nini sasa? Kwa sababu karatasi tunazotia sahihi zimebadilika. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, na mojawapo ya mambo makubwa ilikuwa akili bandia: studio iweze au isiweze kuchukua nakala ya kidijitali ya uso wa mtu na kuitumia tena. Walipata masharti ya ridhaa na malipo. Masharti hayo ni ya wanachama. Fomu niliyopewa mwaka jana kwa kazi ya siku moja ya shilingi 1,500 ilisema natoa haki zote, ulimwenguni kote, milele, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa. Niliisoma mara mbili. Ningeweza kuigiza siku moja na uso wangu ukaendelea na kazi miaka hamsini, bila mimi, bila watoto wangu.

Niliomba neno "milele" liondolewe. Wakaniambia hakuna shida, wengine wapo. Nikarudi nyumbani bila ile 1,500, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za historia.

Baada ya hapo nilianza kuwapigia simu watu niliofanya nao kazi. Tumekubaliana mambo matatu tu: hakuna mazoezi bila nauli, hakuna "milele", na kila mtu apige picha ya mkataba wake na kuuweka mahali ambapo wenzake wataona kiwango. Hatuna usajili, hatuna ofisi, na Kifungu cha 54 hakitujui. Tumewaalika pia mafundi wa taa na sauti. Kufikia wiki iliyopita tulikuwa watu kumi na tisa. Tunakutana Jumatatu, siku ambayo kumbi nyingi hazina shoo.